Nyeupe Ndiyo Baridi

Mwanangu Felisita,

Naandika jina hili la ubatizo kwa sababu karatasi ni yangu na hakuna wa kuja kulifuta. Kwenye pasipoti, tangu serikali ikataze majina ya ubatizo, wameandika Ngoie, jina la bibi yako mzaa baba, na mimi nalipenda. Lakini nikiwa peke yangu na Mungu wangu nakuita kama nilivyokuita siku ile padiri alipokumwagia maji kichwani, nawe ukakipiga teke kitabu chake.

Sasa hivi uko mtaa wa Hewa Bora kwa rafiki yako Kashala, unasukwa nywele. Kashala anasuka vizuri lakini mdomo wake ni mwepesi kuliko vidole vyake, kwa hiyo najua nina mchana mzima. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, na ubao wa kukatia samaki umelala juu ya magoti yangu. Usishangae karatasi ikinuka. Nikimaliza nitaitia ndani ya valizi yako, chini ya lile pulova zito, uikute huko Kanada.

Sitakuandikia habari za kula, za kulala, wala za kufunga shingo. Dada zako wamekuambia hayo wiki nzima, kila mmoja kinyume cha mwenzake, na wewe umeitika "ndiyo" kwa wote. Mimi nataka kujibu swali lako la jana. Tulikuwa tunaosha sahani, ukaniuliza: "Mama, nikienda bila maji ya Baba Mukubwa, itakuwa namna gani?" Nikaanza kusugua sufuria kwa nguvu kama mtu asiyesikia. Najua ulijua kwamba nimesikia.

Kwetu, mtoto anayekwenda mbali hatoki mpaka mkubwa wa upande wa baba ameweka maji kinywani na kumpulizia usoni. Baba yako alipuliziwa hivyo alipotoka kijijini kuja kutafuta kazi kwenye kampuni, na mpaka mwisho wake alikuwa akisema kwamba maji yale ndiyo yaliyomlinda mbele ya moto wa fonderi, kule wanakoyeyusha shaba. Alipotuacha, kaka yake, Baba Mukubwa, ndiye aliyebaki na kinywa cha kutubariki. Kesho asubuhi ndege yako inakwenda Kinshasa na kutoka Kinshasa inavuka bahari, na Baba Mukubwa hajakanyaga hapa tangu Jumapili ile ya picha. Hilo ndilo linalokuuma. Linaniuma na mimi.

Lakini niache nianzie mbali kidogo. Sijui kufika mahali kwa njia fupi, na wewe una safari ndefu ya kusoma.

Unakumbuka tulipohama kambi ya kampuni kuja kwenye lupango hili, kiwanja chetu cha Kampemba? Nyumba ya kambi ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwapo tena. Nikaanza kuuza tomson, wale samaki wa bahari wanaokuja na gari moshi wakiwa wamegandishwa ndani ya katoni, wagumu kama tofali. Unainua katoni, unaipiga chini, samaki wanaachana. Wewe ulikuwa unaokota vipande vya barafu vinavyoruka, unavitia kinywani kabla sijakukataza. Siku moja ukaniuliza samaki hawa wanatoka wapi. Nikasema baharini. Ukauliza bahari iko wapi. Sasa mimi mahali pa mbali nilipokuwa nimefika ni Mokambo, kununua vitu kwa Wazambia, na pale mpakani sikuona bahari, niliona askari. Nikakujibu nilichokijua: "Bahari iko kwa stesheni."

Ukaenda shuleni ukamwambia mwalimu kwamba bahari iko nyuma ya stesheni, ndani ya wago nyeupe ya gari moshi, na mama yako huichukua asubuhi. Mwalimu alicheka hata akaita mwalimu wa darasa la pili aje asikie. Nilipopata habari hiyo sokoni nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi nyumbani nikitegemea kukukuta unalia. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unakula muwa. Ukasema: "Mama, bahari haiko kwa stesheni. Lakini Mwalimu naye hajaiona."

Mwanangu, tangu siku ile nimekuheshimu. Nilikuwa nimekwisha kukupenda, hilo halina kazi, mama hupenda tu. Kuheshimu ni kitu kingine. Nilimwona mtoto ambaye hatafuti nani amekosa. Anatafuta kitu chenyewe kiko wapi.

Kazi ile ya samaki ilinifundisha kwa fimbo. Mwanzoni nilikuwa nachagua katoni zenye barafu nyingi juu, nyeupe, nene, zinazong'aa. Nilidhani ndizo zilizotunzwa vizuri. Nikifungua nyumbani, nyama laini, macho yamezama. Nilipoteza katoni nyingi hivyo, na nilikuwa nalaumu gari moshi, nalaumu jua, nalaumu wivu wa majirani, mpaka muuzaji mmoja mzee akanihurumia akanieleza kwamba barafu nene juu ya samaki maana yake samaki aliyeyuka njiani akagandishwa tena. Weupe ule ulikuwa habari ya ajali, na mimi nilikuwa nausoma kama habari ya uzima.

Nilikusimulia hayo kama mzaha uliporudi likizo kutoka Kinshasa, mwaka ule ulipoanza kazi kwenye ofisi ya picha za kutoka angani. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ukakiweka chini. Ukasema: "Mama, njo vile vile na barafu ya bahari. Nayo iko na umri." Ukanieleza kwamba kule kichwani mwa dunia bahari yenyewe inaganda, eneo kubwa kupita Zaire yetu nzima, na kwamba kuna barafu iliyozaliwa mwaka huu na kuna ile iliyopita viangazi, ikayeyuka juu, ikaganda tena. Kwa macho zote ni nyeupe. Lakini mashine ya angani inasikia tofauti yake, hata usiku, hata chini ya mawingu, kwa sababu kila barafu inatoa namna yake ya kujulisha kwamba ipo. Na ile ya zamani, ukasema, imetema chumvi yake. Kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu anaweza kuiyeyusha akanywa.

Nilikuwa naparua magamba ya samaki. Kisu kikasimama. Bahari inatema chumvi yake! Jumapili iliyofuata kanisani sikusikia hata neno moja la padiri. Nilikuwa nafikiri juu ya maji yale yaliyokaa gizani miaka, bila mtu, yakitoa uchungu wake polepole. Mungu anisamehe, lakini nadhani siku hiyo nilisali vizuri kuliko wanaosikiliza.

Nataka ujue kwamba mwanzoni sikuelewa chochote juu ya mashine hizo. Uliposema picha za kutoka juu, nilimfikiria yule mkubwa wa nchi anayeshuka kutoka mawinguni kwenye televisheni kila jioni kabla ya habari. Nikakuuliza kama ni yeye anayezipiga. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kisha ukaangalia mlango, kisha ukacheka tena bila sauti. Hayo tuyaache.

Ukanichukua kwa mkono ukaniketisha mbele ya ubao huu huu. Ukasema: "Mama, unaparua samaki namna gani?" Nikakuonyesha. Kisu kinakwenda kutoka kichwa mpaka mkia, kinarudi kichwani, na mkono wa kushoto unamgeuza samaki kidogo, kisu kinapita tena pembeni ya pale kilipopita. "Basi," ukasema, "kisu njo satelaiti. Inapita kichwa mpaka mkia. Dunia njo inajigeuza yenyewe chini yake." Nikashika ubao. Miaka yote nilikuwa nafanya kazi hiyo na sikujua kwamba kuna kitu huko juu kinaparua dunia kila siku bila kuiumiza.

Na ile picha ya rangi uliyonionyesha siku nyingine, naiona hata nikifumba macho. Ulisema ni bahari pembeni ya barafu, majira ya jua kurudi. Barafu inapoyeyuka, maji yanajaa vimea vidogo ambavyo hata ukivitia kwenye kijiko huvioni. Ni kijani ya maji tu. Hivyo vinaliwa na vidudu kama kamba wadogo, na hao wanaliwa na samaki na nyangumi. Nikasema, kama havionekani kwenye kijiko, mtu atavionaje kutoka mbinguni? Ukasema kwa sababu ni vingi mno, vinabadili rangi ya bahari yenyewe. Ukaweka kidole kwenye eneo jekundu la picha, ukaniambia wekundu ule si damu wala moto, ni alama tuliyoweka sisi, maana yake hapa uhai ni mwingi. Kitu kidogo hata mwenye kukishika hakioni, na aliye mbali kabisa anakiona. Sina la kuongeza juu ya hapo. Nimeishi na neno hilo kama mtu anavyoishi na wimbo.

Sasa nije kwenye Jumapili ile.

Familia nzima ilikuwa hapa kwa sababu ya habari ya bursi yako, kwamba Kanada watakulipia masomo. Kuku walichinjwa, bukari ya unga wa mahindi ilipikwa ya kulisha kambi. Baba Mukubwa alikuja na abakosi yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, akapewa kiti chenye mikono. Wewe ukatandika juu ya meza picha kubwa nyeusi na nyeupe, ili kila mtu aone unakwenda kutazama nini. Vipande vikubwa vyeupe, na katikati yake nyufa nyeusi zinazokimbia huku na huku. Sote tukasema "eee", kama watu wanavyosema mbele ya kitu wasichokijua. Baba Mukubwa akavaa miwani. Akainama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko wote.

"Hii iko fonderi," akasema.

Akaweka kidole juu ya weupe.

"Hii iko skori, buchafu ya mawe yenye kuyeyuka, ndani ya poshi, ndoo kubwa ya fonderi, wakati inaanza kushika ngozi. Lakini foto iko mubaya. Aba bantu bameigeuza. Peupe njo moto, si vile? Basi ngozi haiwezi kubakia na moto na ufa kupoa. Ngozi njo inapoa ya kwanza, ufa inabakia inawaka. Miye nilisimama mbele ya poshi maisha yangu yote."

Binamu yako Mulongo, ambaye kinywa chake hakina mlango, akasema: "Baba, hii iko barafu! Barafu ya bahari! Mukimwachia, Baba ataona fonderi mpaka ndani ya frigo."

Kicheko kikalipuka. Na mimi nilicheka, Felisita. Ilikuwa ni ile frigo. Nilijaribu kukamata kicheko kwa mkono wangu, kikapita katikati ya vidole.

Wewe hukucheka. Nilikuona. Ulimwinamia, ukasema kwa sauti ndogo: "Baba Mukubwa, huku nyeupe njo baridi." Ulitaka kumweleza zaidi, najua, mdomo wako ulikuwa bado umefunguka. Lakini katikati ya kelele zile yeye alisikia kitu kimoja tu: mtoto anamsahihisha, mbele ya wote, na mke wa marehemu ndugu yake anacheka. Akavua miwani. Akapandisha mkono wa abakosi, akaonyesha lile kovu refu linalotoka kwenye kiwiko.

"Kama nyeupe iko baridi," akasema, "basi miye niliunguzwa na baridi."

Akachukua kofia yake. Alitoka bila kumgusa kuku.

Nilikwenda kwake wiki iliyofuata na unga na samaki bora. Alipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti, akauliza habari za dada zako mmoja mmoja. Jina lako hakulitaja. Nilipogusa habari ya safari akasema: "Muke wa ndugu yangu, samaki iko muzuri, aksanti. Lakini maji ya kinywa haiuzwe kwa soko." Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nikaenda kwa padiri, maana moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Mimi ni mkristo tangu utoto, masista walinifundisha kusoma kwa katekisimu, na sasa nililia kwa sababu ya mate ya mzee. Padiri akasema: "Ni maji, Mama. Sisi pia tunatumia maji." Nikauliza, na kama hatayatoa? Akasema: "Basi toa yako." Ilikuwa jibu zuri la padiri. Lakini padiri hana binti anayevuka bahari.

Na kule kwenye kikundi cha sala Mama Kalumba hakunipa hata nafasi ya kukaa. "Mama Ngoie, tunasikia mutoto anaenda kuchungulia dunia kwa dirisha ya Mungu. Mwenye nyumba atasema nini?" Nikamwambia: "Mwenye nyumba njo alimuachia dirisha wazi." Wanawake wakapiga makofi, naye akacheka, ni mtu mwema. Lakini nilijibu hivyo kwa kiburi cha mdomo. Usiku wa roho yangu ulikuwa unauliza vilevile: itakuwa namna gani?

Jibu langu, basi, ni hili, na ndilo nililokaa kuliandika. Baba Mukubwa asipokuja, kesho kabla ya kutoka nitatia maji kinywani mwangu mimi na kukupulizia. Sijui kama kinywa cha mama kinafika pale kinapofika cha upande wa baba. Nitapuliza hata hivyo, na kile kitakachopungua nitamwomba Mungu akijaze. Sitakuambia kwamba haidhuru. Ingekuwa haidhuru usingeuliza.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, acha nikuambie ninaogopa nini. Baridi siiogopi, watu huko wana nyumba. Naogopa siku utakapokuwa na watu waliosoma, na mmoja akuulize mama yako anafanya kazi gani, na wewe usite kidogo kabla ya kujibu. Kusita kidogo tu. Nakujua, hutadanganya. Ukisita, usijilaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nasema kwa masista kwamba mama yangu ni "mkulima" kwa Kifaransa, kwa sababu kwa Kifaransa lilisikika kama ana shamba la kizungu. Alikuwa na mihogo nyuma ya choo. Ilinichukua miaka kumrudishia ile mihogo yake. Nataka wewe upate njia fupi kuliko yangu, ni hayo tu.

Na jina lako watalivunja. Ngoie kwao litakuwa kama chafya. Mara ya kwanza waache. Mara ya pili wasahihishe. Serikali imekwisha kutuchukulia jina moja, hili lingine lisipotee kwa ajili ya uvivu wa ulimi wa mtu.

Kuna jambo

Nimerudi. Wino umebadilika kwa sababu kalamu ya kwanza imekaliwa, na aliyeikalia ni mtu ambaye siwezi kumwambia ainuke.

Nilikuwa naandika pale juu niliposikia mlango wa lupango. Nikadhani ni wewe umesahau kitu. Nikainua kichwa, nikaona abakosi ya kijivu imepigwa pasi, na ndani yake Baba Mukubwa, na mkononi bahasha ya kahawia.

"Mama Ngoie," akasema, "mutoto iko wapi?"

"Anasukwa, Baba. Hewa Bora."

"Muzuri. Keti."

Akaketi yeye kwanza, juu ya kalamu. Akatoa ndani ya bahasha filamu nyeusi, kubwa kama ukurasa, akaiinua juu kuelekea jua kwa ncha za vidole, kama padiri anayeinua hostia kwenye misa.

"Angalia."

Nikaangalia. Ilikuwa picha yako ile ile, lakini imegeuka. Vipande vilivyokuwa vyeupe vimekuwa vyeusi, na nyufa zinawaka. Mwanangu, mimi nilikuwa naleta chakula cha baba yako getini miaka ile, na mara moja waliniruhusu kuchungulia. Ilikuwa vile vile. Ngozi nyeusi, na moto unapita katikati yake kama mito.

"Njo fonderi," nikasema.

"Njo fonderi," akasema. "Na si fonderi. Iko barafu. Mutoto amenieleza."

Hapo ndipo nilipojua. Kila siku ulipokuwa unaniambia unakwenda kuaga marafiki, ulikuwa kwake. Alinisimulia, naye alikuwa anasimulia kama mtu anayesimulia harusi. Siku ya kwanza hakukufungulia, ukakaa nje kwenye jiwe mpaka mke wake akaona haya. Ukaingia, ukaketi chini kwenye mkeka, ukamwambia: "Baba Mukubwa, hukukosea. Mashine haipige foto ya mwanga, inapiga foto ya joto. Maji yenye iko chini ya barafu njo ya moto kuliko barafu, kwa hiyo pa ufa njo joto inatoka. Shiye tunaigeuza wakati wa kuchapa, ili barafu ifanane na barafu kwa macho ya bantu. Uliona kama tumeigeuza, na ni kweli tumeigeuza. Ulikosea paka kintu kimoja tu, ukawaza iko moto." Kisha ukamwomba akufundishe jinsi watu wa fonderi wanavyosoma joto kwa rangi, kutoka nyekundu ya giza mpaka nyeupe. Akakufundisha. Ukaandika. Ukarudi tena siku nyingine ukiwa na maswali, na filamu hii ya picha kabla hamjaigeuza.

"Mbona hakuniambia?" nikamwuliza.

"Weye ulicheka," akasema. Kisha akanihurumia. "Alisema habari ya mimi na yeye, tutaimaliza mimi na yeye."

Nikatazama chini. Yeye akaendelea kushika filamu kwenye jua.

"Nilimuuliza kintu kimoja," akasema. "Kwetu, pa ufa muntu hakaribie. Ukitia mukono, mukono inaenda. Nikamuuliza, na kule pa ufa kuko nini? Unajua alinijibu nini? Banyama. Anasema samaki mukubwa ya bahari inakuja pale kupumua. Sili, mbwa ya bahari, na batoto yao banapandia pale. Jua ikirudi, njo pale majani ya maji inaanza. Pa ufa, Mama Ngoie. Pale shiye tunakufia, kule njo bananyonya hewa."

Akairudisha filamu ndani ya bahasha polepole, kona kwa kona. Akasema majirani zake wote wamekwisha kuiona, na kwamba Mulongo alikuja kuomba radhi akaonyeshwa naye, na akaambiwa asimame mbali asiitemee mate akiongea.

Sikumwuliza habari ya maji. Niliogopa kulitaja neno. Niliingia ndani kumtengenezea chai, na niliporudi akaitazama chai kama kitu cha ajabu.

"Miye sikuomba chai," akasema. "Leta maji. Ya kisima, isiwe ya frigo. Mutoto ataona baridi ya kutosha."

Nimemletea kikombe cha bati cha baba yako. Hataki kukiweka chini. Ameketi pale kwenye kiti kinachotazama mlango, kofia juu ya goti, na kila baiskeli inayopita barabarani anakaza shingo. Nimemwambia kwamba Kashala hamalizi kusuka kabla ya jioni. Anasema haina mambo, kwenye kampuni alizoea kungoja kitu kiive.

Kwa hiyo niliyoyaandika pale juu, kwamba nitapuliza mimi na Mungu ajaze, uyasome tu kama mawazo ya mama aliyekuwa hajui mtoto wake ameshatengeneza nini kimyakimya. Nilikaa hapa kukupa ushauri wa safari. Sasa naona mimi ndiye wa kukuuliza ulifanyaje. Ulimfuata mtu aliyeumizwa mpaka kwenye jiwe la mlango wake, ukamrudishia heshima yake yote, na ukweli wako hukuupunguza hata kidogo: ulimwambia alipoona sawasawa na ulimwambia alipokosea. Mimi na umri wangu na rozari yangu nilipeleka samaki.

Kama huko watakakokupa meza na kiti watakuuliza umejifunza wapi kusoma picha, sijui utawajibu nini. Mimi ningekuwa na majibu mengi ya kujisifu. Wewe utapata lako.

Nasikia sauti ya Kashala njiani, kwa hiyo amekusindikiza, kwa hiyo wewe uko pembeni yake. Baba Mukubwa amesikia pia. Amesimama, abakosi imenyooka, na mashavu yake yamekwisha kujaa maji. Amewahi mno, mzee wa watu, hamjafika hata kwenye kona, na sasa hawezi kusema neno. Ananipungia mkono niache kuandika nikufungulie mlango.

Naacha, naja kufungua.

Mama yako